Nina kisukari na ninaomba leseni ya basi: je, nikitaje kwenye fomu ya afya?

Asalaam aleikum, Mshauri.

Mimi ni mwanamume wa miaka 47, mzaliwa wa Tanga, na kwa sasa ninaishi Leicester, Uingereza, pamoja na mke wangu na watoto wetu. Nyumbani nilikuwa dereva wa Hiace za abiria. Nilipohamia huku niliambiwa kwamba leseni yangu ya Tanzania ingenifaa kwa miezi 12 tu, na kwamba baada ya hapo ningelazimika kuanza upya kama kijana asiyewahi kushika usukani. Nilianza upya. Nilifanya mtihani wa nadharia na wa barabarani, nikapata leseni ya gari dogo, na tangu wakati huo nimekuwa nikifanya kazi ya usiku katika ghala.

Hivi karibuni kampuni moja ya mabasi ya mjini ilitangaza kuwa inachukua watu na kuwafundisha yenyewe. Nimepita usaili na kupewa fomu mbili: D2, ambayo ni ya maombi, na D4, ambayo ni ya uchunguzi wa afya na lazima ijazwe na daktari. Hapo ndipo nilipokwama.

Nina kisukari aina ya pili. Kwa miaka kadhaa nilitumia metformin peke yake, lakini mwaka jana daktari aliniongezea gliclazide. Jicho langu la kushoto halioni vizuri tangu utotoni, ingawa la kulia ni zima nikiwa na miwani. Nina presha pia, nayo inadhibitiwa kwa dawa.

Wenzangu tunaokutana nao baada ya sala ya Ijumaa wananiambia funika kombe mwanaharamu apite. Ushauri wao ni kwamba nisiende kwa daktari wangu, bali nimtafute daktari wa kulipia ambaye hajui historia yangu, nijibu "hapana" panapoulizwa kisukari, kisha nichukue leseni yangu nikafanye kazi. Wanasema nikikiri, mbali na kunyimwa leseni ya basi, wakubwa wa leseni watagundua kwamba nimekuwa nikiendesha gari dogo bila kuwaarifu kuhusu ugonjwa wangu, na hivyo watanipiga faini na kuninyang'anya hata hiyo niliyo nayo.

Mke wangu hataki kabisa nifiche, na ana sababu yake. Ramadhani iliyopita, yapata miezi sita sasa, alasiri moja nilianza kutetemeka, jasho likanitoka na maneno yakawa mazito mdomoni. Mke wangu alinipa glasi ya maji ya machungwa, nikanywa na kuivunja funga ya siku ile, na baada ya robo saa nikarudi katika hali yangu. Sikumweleza daktari. Tangu siku hiyo mke wangu huniuliza swali moja: je, yangenifika yale nikiwa na abiria 60 nyuma yangu?

Naomba unieleze. Nitaje ugonjwa huu au nisitaje? Je, tayari nimevunja sheria kwa upande wa gari dogo? Jicho langu litanizuia? Nifanye nini na funga ya Ramadhani? Marehemu baba yangu aliishia kuchoma sindano za insulini. Nami nikifikia huko, kazi itakuwa imekwisha? Na mwisho, ada ya daktari kwa ajili ya fomu hii hulipwa na nani?

Mwana wa Tanga, Leicester

MSHAURI ANAJIBU

Waaleikum salaam, ndugu yangu, na hongera kwa kupita usaili.

Nitaanza na hofu ya leseni ya gari dogo, kwa kuwa naona ndiyo hasa inayokusukuma kwenye uongo, nayo kwa maelezo uliyotoa haina msingi. DVLA, mamlaka ya leseni yenye makao yake Swansea, huwagawa madereva katika makundi mawili kwa upande wa afya. Kundi la kwanza ni la magari madogo na pikipiki. Kundi la pili ni la malori makubwa na mabasi, na masharti yake ni makali zaidi kwa sababu dereva wake hukaa usukanini kwa saa nyingi na ajali yake huweza kuumiza watu wengi kwa mara moja. Dereva wa kundi la kwanza anayetibu kisukari kwa metformin peke yake halazimiki kuiarifu DVLA. Anayetumia gliclazide naye halazimiki, alimradi katika miezi 12 iliyopita hajapata zaidi ya tukio moja kali la sukari kushuka akiwa macho, na tukio hilo, kama lilikuwapo, liwe limepita zaidi ya miezi mitatu. Tena awe anapima sukari nyakati zinazohusiana na kuendesha na awe anafuatiliwa kliniki. Kimya chako cha mpaka sasa, basi, hakikuwa kosa. Nadhani wenzako wamechanganya vidonge na insulini, kwa maana mwenye gari dogo anayetumia insulini ndiye ambaye kweli hulazimika kutoa taarifa.

Hata hivyo, lipo sharti moja katika hayo ambalo ningependa ulisome mara mbili, nalo ni la kupima. Barua yako imetaja vidonge, macho, presha na fomu, lakini haikutaja hata mara moja mashine ya kupimia sukari, na hilo limenitia wasiwasi kuliko yote mengine uliyoyaandika. Metformin ikiwa peke yake ni nadra kuiteremsha sukari kupita kiasi. Gliclazide ni dawa ya namna nyingine: huisukuma kongosho kutoa insulini iwe umekula au hujala, na kwa hiyo mtu aliyechelewa kula, au aliyefanya kazi nzito kuliko kawaida, au aliyefunga, anaweza kushukiwa na sukari akiwa njiani. Kama huna mashine, mwombe muuguzi wa kisukari kwenye zahanati yako akuandikie pamoja na vijiti vyake, kwa sababu dereva anayetumia dawa ya jamii hii ana haki ya kuviomba. Na kwa kuwa unaishi England na unatibu kisukari kwa dawa, unastahili cheti cha msamaha kinachokuwezesha kupata dawa zote ulizoandikiwa bila malipo. Wapo ndugu zetu wengi wanaolipia kila karatasi ya dawa kwa kutojua tu kwamba wangeweza kujaza fomu moja na kusamehewa.

Sasa tuingie kwenye basi. Ukishaomba leseni ya kundi la pili, kila anayetumia dawa ya kisukari anapaswa kuiarifu DVLA, hata kama dawa yenyewe ni metformin pekee. Asiyehusika ni yule anayedhibiti sukari yake kwa chakula tu. Kwa anayetumia gliclazide, DVLA inataka mambo kadhaa yatimie yote kwa pamoja: asiwe amepata tukio lolote kali la sukari kushuka katika miezi 12 iliyopita, awe anazitambua kikamilifu dalili za sukari kushuka zinapoanza, awe anapima angalau mara mbili kwa siku, na siku ya kuendesha apime si zaidi ya saa mbili kabla ya safari ya kwanza na kila baada ya saa mbili akiwa kazini, aonyeshe kwamba anaelewa hatari yenyewe, na asiwe na madhara mengine ya kisukari yanayomzuia kuendesha, kama vile upungufu wa upana wa kuona. Anayetimiza hayo hupewa leseni ya mwaka mmoja, miwili au mitatu, kisha hupitiwa tena, ilhali dereva wa basi wa umri wako asiye na maradhi huchunguzwa kila baada ya miaka mitano mpaka afikishe 65, na baada ya hapo kila mwaka. Utaona kwamba hakuna mahali katika masharti hayo panapomkataza mwenye kisukari kuendesha basi.

Ndiyo maana nauona ushauri wa barazani kuwa hasara tupu. Unakushauri utende kosa ili upate kitu ambacho huenda ukakipata kwa kusema kweli. Kwenda kwa daktari wa kulipia si tatizo, maana D4 inaweza kujazwa na daktari yeyote aliyesajiliwa na baraza la madaktari la Uingereza, na watu wengi hufanya hivyo kwa sababu zahanati zao zimejaa au zinatoza zaidi. Lakini daktari huyo haamui lolote. Anajaza majibu tu, na uamuzi ni wa DVLA. Katika fomu hiyo hiyo utaandika jina la zahanati yako, na utatia saini kukubali kwamba DVLA inaweza kuomba taarifa zako kwa madaktari wako. Rekodi ya gliclazide ipo, tarehe zipo, na mfamasia anazo pia. Dereva wa leseni ya aina yoyote asiyeiarifu DVLA ugonjwa anaopaswa kuutaja anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000, na kutoa maelezo ya uongo kwa makusudi ili upate leseni ni kosa la pekee chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya Uingereza ya mwaka 1988. Ikitokea ajali, polisi wataitazama afya ya dereva, na kampuni ya bima itaitazama kwa makini zaidi ya polisi. Hata daktari wako mwenyewe, ambaye kwa kawaida hutunza siri zako, anaruhusiwa na kanuni za taaluma yake kuiarifu DVLA iwapo ataona unaendelea kuendesha katika hali ya hatari baada ya yeye kukushauri uache.

Kinachonishughulisha zaidi ya fomu ni ile alasiri ya Ramadhani, na hapo nakuomba tusimame kidogo, kwa sababu jibu la maombi yako yote linategemea namna tukio lile litakavyoelezwa. Tukio la sukari kushuka huitwa kali pale mgonjwa anapohitaji msaada wa mtu mwingine ili apate nafuu. Ukali wake haupimwi kwa kutetemeka wala kwa wingi wa jasho. Kinachoulizwa ni kama ungeweza kujihudumia mwenyewe. Mtu anayehisi dalili, akaenda jikoni akanywa kitu chenye sukari, hajapata tukio kali hata kama alitetemeka. Mtu ambaye mwenzake alimletea kinywaji kwa huruma, ilhali angeweza kukichukua mwenyewe, naye hahesabiwi. Lakini mtu aliyechanganyikiwa kiasi cha kutojua afanye nini, akalazimika kushikiwa glasi na kunyweshwa, amepata tukio kali, hata kama hakuzimia na hakupelekwa hospitali.

Wewe umeandika kwamba maneno yalikuwa mazito mdomoni na kwamba mkeo alikupa glasi. Hukuandika kama uliiomba, kama ulijua wakati ule kwamba ni sukari, wala kama ungeweza kuinuka na kuifuata. Tena huenda huwezi kuyajibu hayo peke yako, kwa sababu ubongo uliokosa sukari hauweki kumbukumbu nzuri. Muulize mkeo kwa utulivu, naye akueleze alichokiona tangu mwanzo hadi mwisho, bila wewe kumsahihisha. Kisha nendeni wote wawili kwa muuguzi wa kisukari mkaeleze, ili iandikwe katika rekodi yako kama ilivyokuwa. Nasema nendeni wote wawili kwa sababu mume aliyekwishaitamani kazi si shahidi mzuri wa jambo hili, na hili nalisema bila kukuvunjia heshima.

Ikionekana kwamba ungeweza kujihudumia, na kwamba ulizitambua dalili, tukio lile halitakuzuia. Ikionekana kwamba lilikuwa kali, leseni yako ya gari dogo bado ipo salama, kwa kuwa ni tukio moja na limepita zaidi ya miezi mitatu, lakini leseni ya basi itakubidi uingoje mpaka litimize miezi 12, yaani yapata nusu mwaka kuanzia sasa, bila jingine kutokea. Nusu mwaka si muda mfupi kwa mtu anayetoka ghalani alfajiri, nakubali. Hata hivyo, kampuni inayofundisha madereva wake yenyewe huchukua watu mara kwa mara, na unaweza kuiomba ikuhamishie kwenye kundi la mafunzo linalofuata. Kwa vyovyote vile, usimwendee daktari wa D4 kabla ya kikao hicho na muuguzi. Fomu hiyo ina uhai wa miezi minne tangu daktari alipoitia saini, na isipofika DVLA ndani ya muda huo utalazimika kulipia nyingine.

Katika kikao hicho uliza pia kama gliclazide ndiyo dawa inayokufaa mtu wa kazi unayoitaka. Zipo dawa nyingine za kisukari ambazo, zikitumiwa pamoja na metformin, ni nadra kusababisha sukari kushuka, na madaktari wengi hufikiria kubadilisha pale mgonjwa anapokuwa dereva wa kazi. Ukibadilishiwa, bado utaijulisha DVLA kwamba una kisukari kinachotibiwa kwa dawa, ila masharti ya kupima kila saa mbili yatakuwa yamekuondokea. Usiiache wala kuipunguza wewe mwenyewe ili majibu ya fomu yapendeze.

Kuhusu namna ya kujipima barabarani, viwango ni hivi. Sukari iwe angalau milimoli 5 kwa lita kabla ya kuwasha gari. Ikiwa kati ya 4 na 5, kula kitu kwanza. Ikiwa chini ya 4, au ukihisi dalili hata kama namba ni nzuri, huendeshi. Dalili zikianza ukiwa njiani, unasimama mahali salama, unazima injini na kuchomoa ufunguo, unatoka kwenye kiti cha dereva, unakula au kunywa kitu cha sukari ya haraka, na huondoki mpaka zipite dakika 45 baada ya sukari kurudi kwenye 5 au zaidi. Dakika hizo huwashangaza watu, kwa sababu mgonjwa hujiona mzima baada ya robo saa, kama ulivyojiona wewe. Lakini akili huchelewa kurudi katika wepesi wake kuliko namba inavyorudi kwenye mashine. Kwa dereva wa basi, hilo lina maana ya kuwapigia simu wasimamizi wa safari na kuwaacha abiria wanung'unike.

Hapo tunaingia kwenye Ramadhani. Sina mamlaka ya kukupa fatwa, na suala la kufunga au kutofunga ulipeleke kwa shehe unayemwamini ukiwa na barua ya daktari mkononi. Ninachoweza kukukumbusha ni kwamba Sura ya Al-Baqara, katika aya ya 184 na ya 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na kwamba wanazuoni wengi wanaona kuchoma kidole ili kupima sukari hakubatilishi funga. Kwa hiyo usiache kupima eti kwa sababu umefunga. Wapo wagonjwa wa vidonge wanaofunga kwa usalama, ila hupanga na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama: mara nyingi dozi kubwa ya gliclazide huhamishiwa futari na ile ya daku hupunguzwa au kuondolewa. Urefu wa funga nao una hesabu yake katika nchi hii. Ramadhani inapoangukia Juni, kama ilivyokuwa mwaka 2016 na 2017, mtu wa Leicester hukaa bila chakula kwa saa 18 au zaidi, jambo ambalo Tanga hukulijua kamwe, kwa kuwa kwenu mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Miaka hii mwezi unasogea kuelekea majira ya baridi, na mchana unafupika, lakini zile saa za mwisho kabla ya magharibi hubaki ndizo za hatari zaidi kwa mtumiaji wa gliclazide, na ndizo saa ambazo basi la mjini hujaa watu wanaotoka kazini. Rai yangu, kama mtu anayejali usalama wako, ni kwamba siku yenye zamu ya alasiri usifunge maadamu bado unatumia dawa hiyo.

Unaweza pia kuomba zamu za asubuhi katika mwezi huo. Kisukari kinachotibiwa kwa dawa mara nyingi huingia katika kinga ya Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, ambayo humtaka mwajiri afanye marekebisho yanayowezekana kwa ajili ya mfanyakazi, kama vile nafasi ya kupima na kula kati ya safari. Bila shaka, hatarekebisha asichokijua, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoificha hali yako.

Kwa jicho lako nina habari ambayo huenda ikakutuliza, ingawa inategemea vipimo. Kundi la pili linataka jicho bora lifikie 6/7.5 na jicho dhaifu lifikie angalau 6/60, ukiwa umevaa miwani ikihitajika, na lenzi ya miwani isizidi nguvu ya +8. Hiyo 6/60 maana yake ni kwamba herufi inayoonekana na mtu mwenye macho mazima akiwa umbali wa mita 60, wewe uione ukiwa umbali wa mita 6. Ni kiwango cha chini sana, na macho mengi yaliyolegea tangu utotoni hukivuka bila taabu. Pamoja na hayo, upana wa kuona uwe angalau nyuzi 160, na usiwe unaona vitu viwiliviwili. Lakini iwapo jicho la kushoto halifikii 6/60, mlango wa mabasi na malori umefungwa kwa mwombaji mpya, hata kama sukari yako ni nzuri kiasi gani, wakati gari dogo utaendelea kuliendesha. Kwa hiyo pima macho kabla ya kulipia kitu kingine chochote. Katika England mtu mwenye kisukari hupimwa macho bure chini ya huduma ya afya ya umma. Utakacholipia ni kujaziwa ile sehemu ya macho ya D4. Picha za ndani ya jicho unazopigwa katika uchunguzi wa kisukari ni kipimo kingine, na hazichukui nafasi ya hiki.

Presha haihitaji maneno mengi: dereva wa basi haruhusiwi kuendesha ikiwa presha yake akiwa ametulia inabaki 180 au zaidi kwa namba ya juu, au 100 au zaidi kwa namba ya chini. Yako, kama kweli inadhibitiwa, haitakusumbua. Meza dawa siku ya uchunguzi kama siku nyingine.

Na kuhusu insulini ya marehemu baba yako, Mwenyezi Mungu amrehemu: zamani ingekuwa kweli kwamba sindano ni mwisho wa kazi, kwa sababu watumiaji wa insulini walikuwa wamezuiwa kuendesha mabasi na malori makubwa. Zuio hilo liliondolewa mwaka 2011. Siku hizi anayeanza insulini huiarifu DVLA mara moja, husimama kuendesha basi, na huweza kurudishiwa leseni baada ya kuonyesha kumbukumbu za vipimo vyake na kuchunguzwa na daktari bingwa wa kisukari, kisha hupitiwa kila mwaka. Ni kazi yenye karatasi nyingi, lakini wapo wanaoifanya. Naongeza neno kwa wasomaji wengine wanaoendesha teksi: halmashauri nyingi za miji ya Uingereza huwapima madereva wa teksi kwa masharti ya kundi hili la pili, kwa hiyo mengi niliyoyasema hapa yanawahusu nanyi.

Umeuliza mwishowe kuhusu ada. D4 hailipiwi na huduma ya afya ya umma. Gharama ni ya mwombaji, na daktari mmoja hutofautiana na mwingine kwa kiasi kikubwa. Baadhi ya kampuni za mabasi huwalipia wanafunzi wao au huwapeleka kwa daktari wao, basi waulize watu wa ajira kabla hujaweka miadi, na uombe wakujibu kwa maandishi. Ukipelekwa kwa daktari wa kampuni, beba orodha ya dawa zako, muhtasari wa rekodi kutoka zahanati, kitambulisho chenye picha na miwani yako. Na sehemu ya macho uwe umekwishajaziwa na mpima macho, maana madaktari wengi hawana vifaa vya kuithibitisha na fomu yenye pengo hurudishwa kutoka Swansea bila kushughulikiwa.